Barua ya wazi: herufi moja steshenari, miaka saba jela

Kwa:
Mheshimiwa Waziri wa Nchi, Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora;
Katibu, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma;
Wasajili wa mabaraza na bodi za taaluma nchini.

YAH: UDANGANYIFU KATIKA MAOMBI YA KAZI NA LESENI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. (Mtaniwia radhi. Nimeandika barua za Serikali miaka thelathini na moja, na mwaka mmoja wa kustaafu hautoshi kunitoa ulimi huo.)

Miezi michache iliyopita nilimsindikiza mjukuu wangu kwenye steshenari iliyo karibu na stendi, moja ya zile zenye bango la kuahidi kila kitu: maombi ya ajira, mkopo wa chuo, TIN, pasi ya kusafiria, kadi za harusi. Mjukuu ana stashahada na alikuwa anaomba nafasi ya Serikali. Kijana wa pale akaskani vyeti kimoja kimoja, akavipanga kwenye kioo cha kompyuta, kisha akanyamaza. Cheti cha kuzaliwa kinasema Zuhura. Cha kidato cha nne kinasema Zuhra. Kuna mwalimu aliyeimeza "u" moja wakati wa kusajili watahiniwa, basi.

"Dada, hapa watakukata," kijana akasema. "Naitoa hiyo u kwenye cha kuzaliwa, dakika mbili. Elfu tano."

Alisema kwa upole, kama fundi cherehani anayekwambia suruali imekulegea kiunoni. Hakushusha sauti. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni nyuma yetu akaongezea kwamba yeye alirekebishiwa mwaka wa kuzaliwa wa mwanawe papo hapo, na mambo yakaenda vizuri. Mjukuu akanigeukia. "Bibi, unaonaje?"

Nilikuwa Afisa Utumishi. Mwaka 2017 nilikuwa upande wa pili wa meza, na najua "dakika mbili" za namna ile zinavyoonekana miaka ishirini baadaye. Nilimwambia akusanye vyeti vyake tuondoke. Lakini njiani nilijiuliza: angekuwa peke yake, nani angemwambia?

Nyinyi mngesema tangazo limeshamwambia. Kweli, chini kabisa ya kila tangazo la ajira, baada ya masharti ya umri, wasifu, picha ya pasipoti na wadhamini watatu, upo mstari usemao kwamba wenye kuwasilisha taarifa na sifa za kughushi watachukuliwa hatua za kisheria. Mstari huo nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na baadhi ya matangazo niliyabandika ubaoni kwa mkono wangu. Hausemi kughushi ni nini. Hausemi hatua ni zipi. Kijana wa steshenari akiulizwa kama yeye hughushi vyeti atakasirika, tena kwa haki, maana kichwani mwake mghushi ni yule mtu wa mafichoni anayechapa shahada za vyuo asivyovijua. Yeye ametoa "u" tu.

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, haioni tofauti anayoiona kijana. Kughushi ni kutengeneza nyaraka ya uongo kwa nia ya kulaghai au kudanganya, na kubadili nyaraka halali bila mamlaka ni namna mojawapo ya kuitengeneza. Adhabu yake ya jumla ni kifungo cha miaka saba. Anayeiwasilisha akijua ni ya uongo, hata kama hakuishika kalamu wala kibodi, adhabu yake ni hiyo hiyo kana kwamba ameighushi mwenyewe. Na kama kwa karatasi hiyo umepata kitu, kuna kosa jingine la kujipatia kitu kwa njia ya udanganyifu, lenye miaka saba yake. Mjukuu wangu angeweza kujitetea kwamba hakumdanganya mtu yeyote, kwamba Zuhura na Zuhra ni yeye yule, na huenda hakimu angemsikiliza. Lakini angekuwa anayasema hayo kizimbani.

Nirudi 2017, kwa sababu nadhani nchi imesahau nusu ya somo lake. Tarehe 28 Aprili, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Hayati Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi 400,035. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Vyeti vingine 1,538 vilikuwa na utata, cheti kimoja kinatumiwa na zaidi ya mtu mmoja. Na watumishi 11,596 walikuwa na vyeti pungufu. Wenye vyeti feki waliambiwa waondoke wenyewe ifikapo tarehe 15 Mei, la sivyo wakutane na sheria na ile miaka yake saba. Viongozi wa kisiasa hawakuwemo kwenye zoezi, na vijiweni hilo lilisemwa sana; leo nalipita.

Kwenye halmashauri yetu orodha ilifika jioni. Mezani kwangu alikuja mhudumu wa afya wa zahanati moja ya kijijini, mama wa miaka hamsini na kitu. Cheti alichoajiriwa nacho kilikuwa cha marehemu dada yake. Alikileta chenyewe, kimefunikwa plastiki iliyokwisha kupata rangi ya chai, kona moja imekunjamana kwa kuwa plastiki iliingiza hewa. Vyeti vya zamani havikuwa na picha. Jina la dada ndilo alilolivaa kazini muda wote. Wagonjwa walimwita kwa jina hilo, na mumewe peke yake ndiye aliyemwita kwa jina lake. Hakulia. Aliniuliza swali moja: "Sasa na mkopo?"

Alikuwa na mkopo wa benki uliokuwa ukikatwa kwenye mshahara. Mshahara ulikatika, mkopo haukukatika. Hakuna kiinua mgongo, hakuna pensheni, kwa hoja kwamba ajira iliyopatikana kwa uongo haikuwa ajira tangu siku ya kwanza. Ilibidi ifike 2022 ndipo Serikali, kwa maelekezo ya Rais Samia, ikaamua waliondolewa kwa vyeti vya kughushi, zaidi ya 14,000 kwa hesabu ya wakati huo, warudishiwe michango yao ya mifuko ya hifadhi, yaani kile walichokatwa wao wenyewe. Nilishukuru. Baadhi yao walikuwa wameshatangulia mbele ya haki.

Sijaandika barua hii kumtetea mama yule. Mtu anayepima dawa za watoto kwa elimu isiyo yake ni hatari, na kama mwanao angekuwa kwenye kile kitanda usingetaka kusikia habari za dada marehemu. Ninachosema ni kwamba lile jalada lake lilikuwa masijala kwetu tangu miaka ya tisini. Nakala ya cheti ilikuwa na mhuri wa "nakala halisi". Alipothibitishwa kazini jalada lilipita mezani kwangu. Alipopandishwa daraja likapita tena. Sikuwahi kuuliza mwaka wa kuzaliwa kwenye cheti unalinganaje na sura iliyo mbele yangu, na dada alikuwa amempita miaka sita. Baraza la Mitihani lilipoulizwa, jibu lilipatikana. Tatizo ni kwamba kwa zaidi ya miaka ishirini hakuna aliyeuliza.

Lakini walioninyima usingizi zaidi ni madereva wawili.

Wote wawili waliajiriwa 1998, wote darasa la saba, wote madereva wazuri, mmoja wa gari la maji na mwingine wa Land Cruiser ya idara. Sharti la kidato cha nne kwa ajira za Serikali lilianza tarehe 20 Mei 2004, kwa hiyo hawa hawakuwa na kosa lolote. Mwaka 2006 tukagawa fomu za taarifa binafsi ili kusafisha majalada. Dereva wa kwanza akaandika "elimu ya msingi". Wa pili alipofika kwenye kile kisanduku akasita, na karani wa masijala akamwambia, kwa nia njema kabisa, "Andika kidato cha nne, mzee, usije ukaachwa daraja." Akaandika. Baadaye akaombwa cheti cha kuambatisha, akakitafuta kama watu walivyokitafuta zama hizo.

Mwaka 2017 wote wawili waliondolewa. Mwaka 2018 Serikali ikatoa msimamo bungeni: waliokuwa na darasa la saba na kuajiriwa kabla ya tarehe ile ya Mei 2004 warudishwe kazini na walipwe mishahara yao. Ila si wale waliotoa taarifa za uongo au kuwasilisha vyeti vya kughushi. Dereva wa kwanza alirudi, akalipwa, akaendesha gari la maji mpaka akastaafu kwa heshima. Wa pili hakurudi. Sasa anaendesha bajaji ya mtu.

Someni tena hapo, waheshimiwa. Mwisho wa yote, upungufu wa elimu peke yake haukumfukuza mtu. Yule mwenye upungufu aliyesema kweli sheria ilimlinda. Aliyefukuzwa ni yule yule mwenye upungufu ule ule, aliyeogopa kuuandika. Na aliyemfundisha kuogopa alikuwa ofisi yetu. Fomu ile ina sehemu ya chini, "Imehakikiwa na Afisa Utumishi", na sahihi iliyopo pale ni yangu.

Ndiyo maana ninapoona tangazo lenu lenye mstari mmoja wa vitisho na hakuna mstari hata mmoja wa kumwambia mwombaji afanye nini akiwa na dosari, naona karani wangu wa 2006 bado yupo kazini. Amehamia steshenari tu.

Ninachoomba si kikubwa. Mfumo wa maombi siku hizi unamjua mwombaji kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha Taifa. Kabla hajabonyeza kitufe cha kutuma, mwekeeni ukurasa mmoja wa Kiswahili cha kawaida, umweleze kwamba kufuta herufi, kubadili mwaka, kutumia cheti cha ndugu, kuongeza miaka ya uzoefu kwa barua ya mwajiri asiyekuwepo, vyote vina jina moja kisheria na vina miaka saba. Kisha, na hili ndilo kubwa kwangu, mwekeeni kisanduku cha "nina tofauti kwenye nyaraka zangu". Aandike: jina langu limekosewa herufi, nimeshaomba hati ya kubadili jina, hii hapa risiti ya wakili. Maombi yapokelewe, usaili ufanyike, na hati iliyosajiliwa kwa Msajili wa Hati itakiwe kabla ya barua ya ajira. Leo mwenye kasoro ya kweli na iliyo wazi anakatwa kwenye mchujo, na aliyeifuta kwa elfu tano anaitwa kwenye usaili. Mnawachuja wakweli.

Na uhakiki ufanyike mlangoni. Mtu asipewe cheki namba, ile namba ya kulipiwa mshahara, mpaka Baraza la Mitihani, chuo chake na RITA, wenye vyeti vya kuzaliwa, wawe wamejibu. Wiki tatu za kusubiri ni nafuu kuliko miaka ishirini na tatu. Mtu ukimpa kazi, ukamwacha ajenge, aoe, akope na asomeshe, kisha ukafungua jalada, unachokuta pale ni uzembe wenu na uongo wake vimekaa pamoja muda mrefu kama mume na mke, na anayeondoka na begi ni mmoja.

Majirani zetu Kenya wamefika mbali zaidi kwa ukali. Februari 2024 Tume yao ya Utumishi wa Umma ilitoa taarifa ya vyeti vya kughushi 2,067 katika taasisi zilizohakikiwa, na tume yao ya maadili na kupambana na rushwa huwafungulia watu kesi kudai mishahara yote waliyopokea tangu siku ya kwanza. Mahakama zimekuwa zikiamuru warudishe, mamilioni kwa mamilioni. Wapo kwetu wanaotamani tuige. Mimi sina ugomvi na kudai fedha ya umma, ila nauliza: afisa aliyegonga mhuri kwenye nakala bila kuona cheti halisi, yeye anarudisha nini? Mwaka ule kwenye halmashauri yetu waliondoka wahudumu, madereva, walimu, mtendaji wa kijiji. Sikumwona mchapaji hata mmoja akiletwa. Sikuulizwa hata mimi.

Wasajili wa mabaraza na bodi, nimewaweka mwisho kwenye anwani lakini sikuwasahau. Madaktari, wauguzi, wafamasia, wahandisi, wahasibu: kwenu leseni ni kiapo kuliko karatasi. Fomu nyingi za usajili humuuliza mwombaji kama amewahi kushtakiwa kwa jinai, kufutiwa usajili au kufukuzwa chuo. Vijana wengi wananiletea fomu hizo nyumbani, na karibu wote huuliza swali moja: "Mama, nikisema kweli si wataninyima?" Mara nyingi jambo lenyewe ni dogo, ugomvi wa baa uliokwisha kwa faini, au mwaka mmoja wa kusimamishwa masomo kwa mgomo. Lingeelezeka kwa barua ya ukurasa mmoja. Likifichwa likaja kujulikana, halihukumiwi tena kama ugomvi wa baa. Linahukumiwa kama uongo wa mtu mzima kwa baraza lake, na hapo leseni inaweza kwenda hata kama ugomvi wenyewe usingeigusa. Hilo mnalijua nyinyi. Wao hawalijui, maana hamjawaambia popote kwamba jibu la "ndiyo" halifungi mlango. Wekeni mfano kwenye fomu yenyewe: ukijibu ndiyo, eleza lini, wapi, na lilikwishaje, nasi tutalipima.

Na kuna uongo mnaoufuga. Nimewahi kuona kitabu cha mafunzo ya mhitimu mmoja, kazi za miaka mitatu, kila wiki imesainiwa na msimamizi. Sahihi zote kalamu moja ya bluu, mkazo mmoja, na mahali pamoja wino umepakaza kurasa tatu mfululizo kwa sababu ulikuwa haujakauka. Mzee alikaa jioni moja akasaini miaka mitatu, labda huku anaangalia taarifa ya habari. Kijana ataitwa mdanganyifu siku daraja likipata ufa. Msimamizi ni mwanachama wenu mwenye namba ya usajili, na kosa la kuthibitisha uongo ni lake kabla halijawa la kijana. Muanze naye.

Mtasema nimekuwa mpole kwa waongo. Labda. Nimeishi na majalada muda mrefu kiasi cha kujua kwamba wapo waliokusudia tangu mwanzo, waliolipia shahada nzima, wenye roho ngumu. Hao wapelekeni mahakamani leo kabla ya saa nne asubuhi, nami nitakuja kutoa ushahidi. Lakini jalada kwa jalada, wengi niliowaona walianza na kitu kidogo walichokionea aibu, wakakutana na mtu wa kuwasaidia kukificha, na hawakukutana na mtu wa kuwasaidia kukisema.

Kuhusu mjukuu. Tulikwenda kwa wakili, akaandaa hati ya kubadili jina, ikalipiwa ushuru wa stempu, ikapelekwa kusajiliwa. Tukapiga simu kuuliza kama maombi yanaweza kuingia na risiti wakati hati inasubiriwa. Dada aliyepokea alikuwa na adabu nzuri, akasema mfumo hauna sehemu hiyo. Dirisha likafungwa Ijumaa saa sita usiku. Hati ilitoka siku kumi na moja baadaye. Ameiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na vile vyeti viwili, Zuhura na Zuhra, na kila Jumatatu anafungua simu kuangalia kama limetoka tangazo jingine.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Afisa Utumishi Mstaafu